Katani ya Manamba, Ubao wa Vishale: Ufipa na Mchezo wa Waalikwa

Mashindano ya kimataifa ya vishale vya kulipwa yanayochanganya nyota walioalikwa na wachezaji waliofuzu kutoka kanda husika hayana umri mrefu. Mfululizo unaojulikana zaidi ni ule wa World Series of Darts, ulioanzishwa mwaka 2013 na PDC, chombo cha Uingereza kinachosimamia mchezo huo wa kulipwa. Kwa kawaida huwa na wachezaji 16. Wanane ni mabingwa wanaosafirishwa kutoka Ulaya kwa mwaliko, na wanane ni wenyeji wa nchi au kanda yenye mashindano, waliopita kwenye mchujo. Katika raundi ya kwanza kila mwenyeji hupangiwa nyota. Huo ndio moyo wa mashindano yenyewe: mtu ambaye wiki nzima yuko kazini kwake anasimama ubavuni mwa mtu aliyezoea kuonekana kwenye televisheni, na wote wawili wanatupa kuelekea ubao uleule, umbali uleule wa mita 2.37.

Ubao huo una historia yake, na historia hiyo inapita Tanganyika. Sehemu inayochomwa na kishale imetengenezwa kwa katani, nyuzi za mkonge, na kwa miongo mingi ya karne ya 20 hakukuwa na nchi iliyozalisha katani nyingi kuliko Tanganyika. Miongoni mwa waliokata mkonge huo walikuwapo vijana wa nyanda za juu za Ufipa, waliotoka vijiji vya Sumbawanga, Nkansi na Kalambo kwenda pwani ya Tanga kutafuta fedha ya kodi. Vitabu vya historia ya vishale vinataja baa za London na ukumbi wa Alexandra Palace. Upande wa pili wa ubao haujaandikwa vya kutosha, na bila huo mchezo wenyewe usingefika hapa ulipo.

Vishale kama vinavyochezwa leo vilikua katika vilabu vya pombe vya Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20. Ubao ulikuwa kipande cha gogo la mti laini, hasa mweremu au mpopla. Mti hupasuka ukikauka, kwa hiyo mwenye baa alilazimika kuulowesha kila usiku ili matundu yajifunge na kishale kipate kushika asubuhi yake. Hata hivyo ubao haukudumu. Mwaka 1927 gazeti la News of the World lilianzisha mashindano ya mchezaji mmojammoja jijini London. Idadi ya wachezaji ilipozidi kukua, tatizo la mbao zinazooza likawa kubwa kuliko uvumilivu wa wenye baa.

Suluhisho lilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika kampuni ya Nodor, iliyoongozwa na mkemia Ted Leggatt. Kabla ya hapo kampuni hiyo ilikuwa imejaribu ubao wa udongo wa kufinyangia, na wachezaji hawakuupenda. Wazo jipya lilikuwa kuchukua nyuzi za katani, kuzikata vipande vifupi, kuzisimamisha wima kwa maelfu na kuzibana kwa nguvu ndani ya pete ya chuma. Kishale kikiingia, nyuzi zinaachana. Kikichomolewa, zinarudi pamoja na tundu linatoweka. Hakuna haja ya maji, wala ubao haunuki. Vishale vikawa mchezo wa kila ukumbi, na Desemba 1937 Mfalme George VI na Malkia Elizabeth walipotupa vishale wakitembelea kituo cha jamii mjini Slough, mchezo wa baa ulipata heshima ambayo haukuwa nayo, hasa miongoni mwa wanawake.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, kwa kuwa Meksiko, nchi ya asili ya mmea huo, haikutaka kuitoa mbegu yake. Miche ilisafiri hadi Hamburg, kisha ikavuka bahari kuja Tanga. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutoka hapo mashamba yakaenea bonde la Pangani, Korogwe, Muheza, Morogoro na Kilosa. Jani la mkonge hutoa nyuzi kiasi cha asilimia nne tu ya uzito wake, na linapaswa kufikishwa kwenye korona, mashine ya kuchuna nyuzi, kabla halijakauka. Kwa hiyo zao hili lilihitaji mikono mingi mno: ya kupalilia, ya kukata, ya kubeba mizigo hadi kwenye toroli, ya kuanika na kupiga brashi. Watu wa pwani na wa Usambara wenye mashamba yao hawakuwa na sababu ya kuifanya kazi hiyo kwa ujira mdogo. Wenye mashamba wakaangalia mbali.

Ufipa ilikuwa mbali kuliko karibu sehemu nyingine zote. Uwanda huo umekaa kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, sehemu kubwa ukiwa juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, wenye baridi, upepo na majani mafupi. Kabla ya ukoloni uligawanyika katika falme mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizotawaliwa na ukoo wa Watwa. Uchumi wake ulisimama kwa miguu yake wenyewe. Wakulima walifukia majani ndani ya matuta makubwa, wanayoyaita intumba, yakaoza na kuwa mbolea kwa ulezi na maharage. Wafumaji walitengeneza nguo za pamba. Na wafua vyuma wa Ufipa walijulikana hadi nje ya mipaka yao.

Ufundi huo wa chuma unastahili kuelezwa kwa kituo, maana ni mojawapo ya mafanikio makubwa ya teknolojia katika historia ya Tanzania. Tanuri la kwanza, lilungu, lilijengwa kwa udongo hadi kufikia kimo cha mita tatu hivi, na ndani yake mawe ya chuma yalipangwa tabaka kwa tabaka pamoja na mkaa. Halikuvukutwa. Hewa ilivutwa na tanuri lenyewe kupitia mirija ya udongo iliyowekwa chini, na moto uliwaka kwa siku kadhaa. Bonge lililotoka halikuwa safi bado, kwa hiyo lilipelekwa kwenye tanuri dogo lenye mivukuto, kintengwe, kusafishwa mara ya pili. Ndipo mhunzi alipopata chuma cha kufua majembe, mashoka, mikuki na vichwa vya mishale. Uyeyushaji ulikuwa na miiko na dawa zake, na mafundi waliojua siri hizo waliheshimiwa. Majembe ya Ufipa yalitumika kama bidhaa ya biashara na kama malipo ya heshima kwa watawala. Mabaki ya malungu bado yamesimama mahali pengi kwenye uwanda huo, mengine katikati ya mashamba ya mahindi.

Ukoloni uliivunja misingi hiyo pole pole. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yaliuzwa kwa bei ambayo mhunzi hakuweza kushindana nayo, na merikani, kitambaa cha pamba cha kiwandani, ikaiua nguo ya kufumwa. Wakati huohuo serikali ya Kijerumani, iliyokuwa na ngome yake Bismarckburg, Kasanga ya leo, ilianza kudai kodi ya kibanda, na Waingereza waliochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendelea kuidai. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu. Ufipa haikuwa na reli, haikuwa na zao la biashara lililoweza kuhimili gharama ya kusafirishwa hadi pwani, na bidhaa zake za zamani zilikuwa zimeshanyang'anywa soko. Kilichobaki cha kuuza kilikuwa nguvu za vijana. Mwanahistoria Kapepwa Tambila, aliyeandika kwa kina juu ya mkoa wa Rukwa na juu ya mashamba ya Tanga, ameonyesha jinsi eneo hilo lilivyogeuzwa kuwa ghala la vibarua wa nchi nzima. Hoja yake ina uzito mkubwa. Ufipa haikuwa maskini kwa sababu ya kuwa pembezoni. Iliwekwa pembezoni, kisha ikawa maskini.

Baadhi ya vijana walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wengine wakaenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Wengi walielekea mkonge. Safari ya kwenda Tanga ilizidi kilomita 1,000, na sehemu ya kwanza yake, hadi kufikia reli ya kati, kwa miaka mingi ilikuwa ya miguu. Mwaka 1944, katikati ya Vita Kuu ya Pili, wenye mashamba waliunda ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha vibarua, SILABU. Wakati huo Japani ilikuwa imeiteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, na nchi zilizokuwa zikipigana nayo zilikuwa zimekosa katani ya Asia, hivyo kila uzi wa Tanganyika ulihitajika kwa kamba za meli na za jeshi. Maofisa wa SILABU na wapambe wao walifika hadi wilaya za mbali, wakapima afya za vijana, wakawaandikisha, wakawapakia malori na mabehewa.

Walioandikishwa waliitwa manamba. Kazi yao ilipimwa kwa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Mshahara ulilipwa kipande kilipojaa, na siku ambayo mtu hakumaliza sehemu yake haikuandikwa. Mkataji aliingia shambani alfajiri, akakwepa miiba ya ncha za majani, akayakata kwa kisu, akayafunga mafungu yenye idadi iliyowekwa na nyapara. Maji ya mkonge yaliwasha ngozi. Makambi yaliwachanganya watu wa Ufipa na Waha, Wabena, Wangoni, Wanyakyusa na Warundi, na lugha waliyokutana nayo ni Kiswahili. Aliyerudi Sumbawanga alileta fedha ya kodi na ya mahari, blanketi, baiskeli pengine, na habari za miji. Nyumbani wakati wote huo matuta yalikuwa yamelimwa na wanawake na wazee, na kazi ya intumba, inayotaka nguvu ya kundi la watu na pombe ya ulezi ya kuwashukuru, iliumia kila vijana walipoondoka.

Sehemu kubwa ya katani hiyo ilienda kwenye kamba na nyuzi za kufungia mavuno. Ubao wa vishale ulichukua kiasi kidogo. Lakini ulichukua katani nzuri, nyuzi ngumu, nyeupe na zilizonyooka, na Uingereza ilikuwa ikipata katani yake nyingi kutoka Tanganyika na Kenya. Kila baa iliyotundika ubao mpya wa katani katika miaka ya 1940 na 1950 ilikuwa inafaidi jasho la korona. Mchezo uliupata wepesi wake kutoka kwa kazi iliyokuwa nzito mno.

Uzalishaji wa Tanganyika ulifikia kilele mwaka 1964, kiasi cha tani 230,000. Baada ya hapo bei iliporomoka, nyuzi za plastiki zikachukua soko la kamba, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Uandikishaji wa manamba ulikuwa umeshakoma baada ya uhuru, kima cha chini cha mshahara kilipopandishwa na mashamba kupunguza watu. Kwa Ufipa mabadiliko hayo yalikuwa na heri yake. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, Sumbawanga ikawa makao makuu, na sera ya bei moja ya mahindi kwa nchi nzima ilimfanya mkulima wa Rukwa auze gunia lake kwa bei sawa na aliyekuwa karibu na Dar es Salaam. Mahindi yaliwabakiza vijana nyumbani. Rukwa ikahesabiwa pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya chakula.

Katika miaka hiyohiyo mchezo wa vishale uligeuka biashara. Televisheni ya Uingereza ilianza kuuonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mbinu ya kugawa kioo, uso wa mchezaji upande mmoja na ubao upande mwingine, iliufanya utazamike. Mwaka 1973 kiliundwa chama cha BDO, na mwaka 1978 mashindano ya kwanza ya dunia ya kulipwa yalifanyika Nottingham. Bingwa alikuwa Leighton Rees wa Wales. John Lowe alitengeneza legi, yaani mkondo mmoja wa mchezo, kamilifu ya kwanza kwenye televisheni mwaka 1984, akimaliza pointi 501 kwa vishale tisa tu. Mwaka 1992 wachezaji 16 wa juu waliona chama hakiwatetei mbele ya vituo vya televisheni, wakaanzisha chombo chao, ambacho baada ya mapatano ya mahakamani ya mwaka 1997 kilichukua jina la PDC. Phil Taylor, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 16, akawa uso wa zama hizo.

Afrika Mashariki iliupokea mchezo huu kupitia Waingereza, katika klabu zao na mabwalo ya jeshi na polisi, kisha ukahamia kwenye baa za kawaida. Kenya, Uganda na Tanzania zina vyama vya taifa. Tanzania ina Chama cha Vishale, TADA, na timu za nchi hizo zimekuwa zikikutana katika mashindano ya Afrika Mashariki. Kinachohitajika ni kidogo: ubao wenye kitovu kilichowekwa mita 1.73 kutoka sakafuni, mstari, vishale vitatu na mtu anayejua hesabu za kutoa haraka, kwa maana legi lazima imalizwe kwa dabo, sehemu ya ubao inayohesabiwa mara mbili. Tatizo la mchezaji wa kanda hii halijawahi kuwa kifaa. Ni kukosa mtu wa kumpima. Asiyekutana na mpinzani bora hubaki bingwa wa mtaani kwake, na hapo ndipo mashindano ya waalikwa yalipobadilisha mambo.

World Series ilifunguliwa Dubai mwezi Mei 2013, kwenye uwanja wa tenisi ulio wazi, na Michael van Gerwen wa Uholanzi akashinda. Miezi michache baadaye Sydney ikafuata. Miji mingine iliyoandaa ni pamoja na Perth, Singapore, Auckland, Tokyo, Shanghai, Las Vegas na New York, na tangu mwaka 2015 msimu humalizikia kwenye fainali zake maalumu. Matokeo hayaingizwi kwenye orodha ya viwango ya PDC, kwa hiyo wapo wanaoyaona kuwa maonyesho tu. Hukumu hiyo si ya haki. Mechi ya raundi ya kwanza huchezwa hadi legi 6, umbali mfupi ambao humpa mwenyeji nafasi ya kweli iwapo dabo zake zinaingia.

Ushahidi wake mkubwa ulitoka Brisbane mwaka 2019. Damon Heta, fundi wa mapaa kutoka Perth, aliingia kama mwakilishi wa kanda na kumfunga Rob Cross, bingwa wa dunia wa mwaka 2018, kwa legi 8 kwa 7 katika fainali. Mwaka uliofuata alipata kadi ya kucheza ziara ya kulipwa, akawa mmoja wa wachezaji wa juu duniani. Mashindano yaliyokaribia zaidi wasemaji wa Kiswahili ni yale ya Ghuba: baada ya Dubai, Bahrain iliandaa kuanzia mwaka 2023. Huko Bahrain, Januari 2024, Luke Littler, aliyekuwa na umri wa miaka 16, alimaliza legi kwa vishale tisa na kutwaa kombe. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote waliotangulia.

Bara la Afrika halikuwemo kati ya vituo vya msimu katika miaka hiyo yote. Njia ya mchezaji wa Kiafrika imekuwa mchujo wa bara unaompeleka moja kwa moja kwenye mashindano ya dunia, na kwa muda mrefu nafasi hizo zilichukuliwa na Afrika Kusini. Msimu wa 2025/26 mashindano ya dunia yalipanuliwa kutoka wachezaji 96 hadi 128, na David Munyua, daktari wa mifugo, akawa Mkenya wa kwanza kuyacheza. Desemba 2025, pale Alexandra Palace, alipangiwa Mike De Decker wa Ubelgiji, bingwa wa World Grand Prix wa mwaka 2024. Munyua alikuwa nyuma kwa seti mbili bila. Akazisawazisha, kisha akachukua ya tano na mechi.

Ubao aliotupia ulikuwa wa Winmau, kampuni inayotoa ubao rasmi wa PDC tangu mwaka 2022, na mbao za Winmau hutengenezwa nchini Kenya kwa katani ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mkonge wa kanda hii ulipelekwa Ulaya ukiwa nyuzi ghafi. Sasa sehemu ya thamani inayoongezwa hubaki huku, pamoja na ajira ya kiwandani, na kwa mara ya kwanza mtu wa kanda hii ameshinda mbele ya ubao huo kwenye ukumbi maarufu kuliko zote.

Tanzania bado inasubiri mchezaji wake wa kwanza katika ngazi hiyo. Barabara ya lami kutoka Tunduma imeiunganisha Sumbawanga na mikoa mingine, safari ambayo kwa manamba ilikuwa ya majuma. Mchezaji wa Rukwa anayetaka kufika mbali anapaswa kuanzia ngazi ya mkoa, aingie timu ya taifa, kisha aende kwenye mchujo wa Afrika akalipe nauli, malazi na ada. Gharama hiyo, kuliko kipaji, ndiyo inayowazuia wengi, na kwa mchezo unaotaka wadhamini wachache na ukumbi mdogo, ni pengo linaloweza kuzibwa na vyama vya michezo na halmashauri zikiamua.